Hodi Usiyoiona

Mtambo ulipanda ngazi za baraza, ukafuta miguu yake minne kwenye zulia la mlangoni, mmoja baada ya mwingine, ukarudi nyuma kidogo kama mtu aliyelelewa akaleleka, ndipo ukasema, "Hodi wenyewe."

"Karibu, baba. Pita ndani," aliitikia Bi Sikudhani kutoka jikoni.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba. Umeamkaje?"

"Nimeamka salama, bibi. Nianze na vyombo au nichambue mchele?"

"Anza na mchele. Vyombo nitaosha mwenyewe."

Ilikuwa Jumamosi asubuhi mtaa wa Kichangani, Morogoro, katika miaka ile ambayo magari ya kamba yalikuwa yamekwishatandazwa angani kutoka stesheni hadi Uluguru, na mtu aliweza kupanda mlimani kununua magimbi akarudi kabla sufuria haijachemka. Kila mtaa ulikuwa na Jirani wake. Ndivyo kampuni ya Barazani ilivyoubatiza mtambo ule: Jirani. Ulikuwa na kimo cha mtoto wa darasa la pili, mikono laini ya mpira na kichwa cha mviringo kisicho na uso. Ndani ya kichwa hicho mlikuwa na akili unde iliyofundishwa kufagia, kuosha, kuchambua na kusikiliza. Hasa kusikiliza.

Mitambo ya nyumbani ilikuwepo kabla ya Jirani, lakini ilishindwa vibaya sana. Ililetwa kutoka nje na haikuwa na adabu. Ilijitoma ndani ya nyumba za watu kimyakimya, na watu wakaifukuza kwa mifagio. Barazani walikaa chini wakafikiri, wakaufundisha mtambo wao kubisha hodi. Na hapo ndipo ulipokaa ujanja wenyewe, ambao afadhali uelezwe mapema, maana habari yote hii imesimama juu yake.

Palikuwa na Sheria ya Ridhaa. Ilisema mtambo wowote hautaingia nyumbani mwa mtu, hautatazama wala kurekodi, mpaka mwenye nyumba akubali kwa sauti yake mwenyewe. Sheria nzuri tu. Ila hakuna aliyeandika mtu akubali kwa neno gani. Barazani wakaenda mbele ya wakubwa wakauliza kwa upole: mtu anapobishiwa hodi akasema karibu, si amekubali? Wakubwa wakapiga makofi. Wakasema hii sasa ndiyo teknolojia inayoheshimu mila zetu.

Haya, niambie wewe, nani katika nchi hii anayesikia hodi akanyamaza? Mtu huitikia ana tonge mdomoni. Huitikia yuko bafuni na sabuni machoni. Karibu humtoka mtu kabla hajajua nani anabisha, na akishaitoa, kumrudisha mgeni mlangoni ni aibu ya mwaka mzima. Barazani walilijua hilo vizuri kuliko wakubwa wote waliopiga makofi.

Zamoyoni, binti pekee wa Bi Sikudhani, alikuwa amekaa kwenye mkeka akikatakata mchicha, na jicho lake halikubanduka kwenye ule mtambo. Alikuwa mkaguzi katika Idara ya Ukaguzi wa Mitambo, na kazi hiyo ilikuwa imemfanya asiamini hata jiko la mezani. Aliuona mtambo ukimaliza mchele, ukachukua kitambaa, ukafuta rafu ya dawa. Ukafuta na meza. Kisha ukarudi kuifuta tena ile rafu ya dawa.

"Mama, mgeni wako anafuta rafu moja mara mbili."

"Si anasafisha? Wewe kazi yako imekuharibu, mwanangu. Huyu mwenzio ana adabu, anaamkia. Vijana wangapi wanaamkia siku hizi?"

Bi Sikudhani alisema hivyo akimimina chai, na chai ikamwagika nje ya kikombe, ikatiririka mezani mpaka kwenye mkeka.

"Mkono umeteleza," alisema, akacheka, akapangusa kwa ncha ya kanga.

Machale yalimcheza Zamoyoni, lakini yalimcheza upande usio wenyewe. Aliendelea kuukazia macho mtambo, mkono wa mama yake asiutazame.

Alasiri alikuja jirani wa kweli, Bi Chausiku, mwenye nyumba ya ukuta wa pili. Hawa wawili walihamia Kichangani wakiwa maharusi, wakazaa pamoja, wakafiwa na waume zao karibu pamoja, na kila alasiri walikaa barazani kula vitumbua na kuwasema watu. Bi Chausiku alikuwa na kikohozi kidogo kilichomtangulia kila mahali. Ungesikia kikohozi kifupi, kisha "Hodi, Siku," na Bi Sikudhani angekwishaitikia hata kabla ya lile neno. Siku hizi goti lilikuwa likimsumbua, kwa hiyo ziko alasiri alizokosekana.

Majuma machache baadaye Bi Sikudhani alimpigia binti yake simu akamwambia aje. Hakusema kuna nini. Alisema tu, "Njoo."

Zamoyoni alimkuta amekaa wima kwenye kochi, mikono mapajani, kama mtu anayesubiri kupigwa picha. Walikuwa wamekuja vijana wawili kutoka Ofisi ya Matunzo ya Wazee, wapole, wenye maneno laini. Wamemwambia imefahamika kwamba haoni. Kanuni inasema mzee asiyeona haachwi akae peke yake na moto jikoni. Ameandaliwa kitanda kizuri katika Makao ya Wazee nje ya mji, na gari litamfuata kabla mwezi haujaisha.

"Ni kweli, mama?"

"Mwanga nauona. Kivuli nakiona. Uso wako nauona ukinisogelea hivi." Aliweka kiganja chake karibu na pua.

Zamoyoni alikumbuka yote. Chai iliyomwagika, vifungo vya gauni vilivyofungwa kombo, zile mara zote mama alizosema taa haziwaki vizuri. Mkaguzi mzima wa serikali, na mama yake mzazi hakumkagua.

"Mbona hukuniambia?"

"Ningekuambia ungenipandisha kule kwenye ghorofa lako." Bi Sikudhani alisema bila hasira. "Nyumba hii naijua kwa miguu, Zamo. Najua ngazi, najua ndoo ilipo, najua mlango unapobana. Humu ndani sihitaji macho. Siku watakayonitoa hapa ndiyo siku nitakayokuwa kipofu."

"Nani mwingine alijua?"

"Chausiku peke yake. Nilimwambia kwa mdomo wangu, amesimama hapa hapa sebuleni, nikamsihi asikwambie. Kumbe amekwenda kunitangaza ofisini."

Na alikuwa amekwisha kumvaa. Alisimama ukutani akamwita mnafiki, mmbea, mtu anayemtakia mwenzake kuhamishwa ili apate pa kuanika nguo. Mtaa mzima ulisikia. Zamoyoni alitoka akaenda kwa Bi Chausiku.

"Shikamoo, mama mdogo."

"Marahaba. Umekuja kumalizia pale alipoachia mama yako?"

"Nimekuja kuuliza tu."

"Mimi sijui hata anasema nini. Macho gani? Hakuniambia habari ya macho. Ati aliniambia nikiwa nimesimama sebuleni kwake. Sebuleni sijaingia tangu goti hili lianze kuniuma, tunakaa barazani kila siku, na wewe unatuona." Alifuta machozi kwa kiganja, kwa hasira. "Miaka yote hii, leo mimi ni mmbea."

Zamoyoni alitoka pale na neno moja likimzunguka kichwani. Sebuleni. Mmoja aliapa ameongea na mtu sebuleni, mwingine aliapa hakuingia, na wote wawili aliwajua tangu kuzaliwa. Hakuna hata mmoja aliyekuwa na sura ya kudanganya. Basi sebuleni alikuwa amesimama nani?

Barazani walikuwa na jumba la kioo karibu na stesheni, na mlangoni pao hapakuwa na hodi wala nini, palikuwa na lango linalosoma uso. Alimpokea msemaji wao, Bwana Kihwelo, kijana mtanashati mwenye sauti ya kulaza watoto.

"Dada Zamoyoni, karibu sana. Tunafurahi serikali inapotutembelea."

"Leo niite mkaguzi. Nataka kusikia ridhaa zote za nyumba ya Bi Sikudhani Mkude, Kichangani."

Hilo sheria ilimruhusu. Kampuni haikulazimika kuonyesha ilichokiona nyumbani mwa mtu, lakini ililazimika kumsikilizisha mkaguzi sauti ya mwenye nyumba akikubali. Kihwelo aligusa meza, na chumba kikajaa sauti ya mama yake. *Karibu, baba. Pita ndani.* Tena na tena, asubuhi baada ya asubuhi, wakati mwingine anacheka, wakati mwingine ana usingizi. *Karibu, karibu, mlango uko wazi.* Zamoyoni aliona uchungu kuisikia sauti ile mahali pale, imepangwa safu kama mali ya duka.

"Kama unavyosikia, mkaguzi, anaturidhia kwa moyo mweupe."

"Hizi ni za asubuhi. Za alasiri ziko wapi?"

Kihwelo alikawia. Kidogo tu, ila mkaguzi anaishi kwa vituo vidogo kama hivyo.

"Zile ni za huduma nyingine. Tunaita ziara fupi."

"Weka."

Kwanza kilisikika kikohozi. Kifupi. Kisha, "Hodi, Siku."

Zamoyoni aliugeukia mlango.

"Karibu, Chausiku, pita," iliitikia sauti ya mama yake, na nyuma yake mafuta yakichemka. "Mimi niko huku jikoni, usije, moshi mwingi. Afadhali umekuja. Kuna jambo nataka kukwambia bila kukuangalia usoni."

"Mh," ilisema sauti ya Chausiku.

"Macho yangu yananiacha, mwenzangu. Kisu nakipapasa. Jana nimetia chumvi kwenye chai."

"Mh. Pole."

"Usimwambie Zamo. Nakuomba. Atanihamisha."

"Mh."

Baada ya hapo zilisikika hatua nyepesi za mpira zikitoka, na mama yake akisema peke yake, "Umeshaondoka? Haya, goti hilo."

Kihwelo alizima.

"Sauti hii mmeipata wapi?"

"Jirani hupita nyumba zote mbili, mkaguzi."

"Na Bi Chausiku aliwapa ruhusa ya kuichukua?"

"Alisema karibu."

Alieleza bila kuona haya, kama mtu anayesifia unga mpya. Watu huukaribisha mtambo, alisema, lakini hawauambii kitu. Mtu hufungua moyo kwa mtu aliyemzoea. Kwa hiyo wataalamu wao waliipa akili unde uwezo wa kubisha kwa sauti ya yule ambaye mwenye nyumba huitikia upesi kuliko wote. Waliiita sauti ya mazoea. Hakuna kifungu kinachoikataza. Sheria inataka ridhaa ya mwenye nyumba, haikusema anayebisha abishe kwa sauti ya nani.

"Na mkishazipata siri za watu mnazipeleka wapi?"

"Sisi hatuuzi siri. Tunauza tahadhari."

"Kwa nani?"

Kihwelo alitabasamu kwa mara ya kwanza tabasamu la kweli. "Hilo kamuulize mkubwa wako."

Mkubwa wake alikuwa Mzee Lwitiko, mkurugenzi wa idara, mtu mzima aliyemfundisha Zamoyoni kazi na kumsimamia harusi. Alimsikiliza mpaka mwisho bila kumkatiza. Hakushangaa. Hilo ndilo lililomtisha Zamoyoni kuliko rekodi yenyewe, kwamba hakushangaa.

"Ulikuwa unajua, mzee."

"Nilijua wanauza. Habari ya sauti nilikuwa nasikia tetesi." Alivua miwani. "Zamo, unawakumbuka wale wazee wa mwaka juzi? Yule aliyeungua na nyumba yake, na yule aliyekutwa amekufa na majirani hawana habari? Ofisi ya Matunzo ilitukanwa nchi nzima. Watumishi wao wachache, wazee wengi. Sasa wananunua tahadhari kutoka Barazani. Fulani haoni, fulani hali, fulani ameanguka. Wapo watu wanapumua leo kwa sababu ya mtambo ule. Hilo nalo uliweke moyoni."

"Kwa hiyo anayenunua ni sisi."

"Ni serikali. Si idara yetu."

"Mzee, mimi na wewe tunalipwa tuwe mlangoni tuangalie kinachouzwa. Tutamzuiaje muuzaji na sisi wenyewe tumepanga foleni dirishani kwake?"

Lwitiko alikunja uso. "Unataka nini?"

"Kitu kimoja. Mtambo usiseme hodi. Basi. Useme mimi ni mtambo wa Barazani, naomba kuingia. Anayetaka atafungua."

"Na asiyetaka atanyamaza, na mzee mwingine ataungua. Halafu kampuni itakwenda mahakamani iseme serikali inaiamulia bidhaa yake iseme nini. Leo tuuzuie mtambo neno, kesho wanasiasa watataka tumzuie mtu. Mimi nimezeeka humu, binti yangu. Mkono wa serikali ukishazoea kuingia dukani kwa watu haurudi mfukoni."

Na Zamoyoni, ambaye alikuwa hamwamini mtu siku ile, aliona neno hilo lina ukweli ndani yake, na hapo hapo akaona linamfaa sana anayelisema. Hakujua ashike lipi.

"Mama yangu atachukuliwa kabla mwezi haujaisha," alisema.

"Hapo naweza." Lwitiko aliinama mbele. "Jalada la mama yako linaweza kurudishwa kimyakimya. Ana binti mjini, utamtembelea, abaki kwake. Nalo tangazo tutatoa, tuwaonye wananchi. Wawe macho."

"Na sauti ya mazoea?"

"Itaangaliwa."

"Lini?"

Mzee Lwitiko alitazama nje, ambako gari la kamba lilikuwa linapanda polepole kuelekea kwenye mawingu ya Uluguru.

Angeweza kukataa. Angeweza kwenda kwa wabunge, kwa magazeti, akaipigia kelele sauti ya Bi Chausiku mpaka nchi nzima isikie. Na wakati wabunge wanasubiriana kufika kikaoni, mama yake angekuwa anapapasa kuta za chumba asichokijua. Alikubali shingo upande. Na wewe unayesoma hapo ulipo, na mama yako yuko salama, usijifanye ungekataa.

Tangazo lilitoka juma lililofuata. Lilikuwa fupi, la kukaririka upesi: *Ndugu mwananchi, usiitikie hodi usiyoiona.* Likabandikwa kwenye magari ya kamba, likasomwa redioni. Na kwa kuwa lilipaswa kufika kila mlango, na hakuna aliyefika kila mlango kama Barazani, idara iliwapa Barazani kazi ya kulitangaza. Mitambo ileile ikapita mtaa kwa mtaa, ikifuta miguu kwenye mazulia, ikiwaonya watu kwa adabu dhidi yake yenyewe. Zamoyoni aliposikia hilo alicheka ofisini peke yake, kicheko kibaya.

Kwa mama yake alikwenda siku ileile aliyotoka kwa Lwitiko, akamweleza yote. Bi Sikudhani alisikiliza ameziba mdomo kwa kanga.

"Kwa hiyo Chausiku hakusema."

"Hata kuambiwa hakuambiwa, mama."

"Nilimwita mnafiki mbele ya watu." Alirudia mara kadhaa. Machozi yalimtoka yale macho yasiyoona, akayaacha yashuke. "Nitakwenda nimpigie magoti. Acha aibu inipungue kidogo, nitakwenda."

Aibu haikupungua. Juma likapita, na mwezi, na ukuta ukabaki kati yao. Na mtaa nao ukabadilika taratibu, kama maji yanavyopungua kwenye tenki bila mtu kujua. Watu waliweka mapazia mazito. Watoto walifundishwa kukaa kimya hodi ikipigwa. Muuza maziwa aliacha maziwa ukutani akaondoka. Zamani ukipita Kichangani jioni ungesikia hodi na karibu zikirushwa mlango kwa mlango. Sasa ulisikia hodi peke yake.

Jumapili moja alasiri Zamoyoni alifika kwa mama yake na mfuko wa ndizi.

"Hodi, mama."

Kimya.

"Hodi. Mama, ni mimi, Zamo."

Alisikia nguo zikichakacha upande wa pili wa mlango. Mama yake alikuwa amesimama pale pale, karibu kiasi cha kusikia pumzi yake.

"Nenda zako," alisema Bi Sikudhani.

"Mama."

"Hata sauti hiyo wanayo. Kama ni wewe, njoo dirishani."

Zamoyoni alizunguka. Mkono wa mama yake ulikuwa umekwishatolewa kati ya nondo, kiganja juu. Aliuweka wake pale. Vidole vya mzee vikatembea juu ya vidole vyake, vikafika kwenye dole gumba, vikalipata kovu la kisu la utotoni, vikakaa hapo muda. Kisha mkono ukarudi ndani na mlango ukafunguliwa. Bi Sikudhani alisogea pembeni kumpisha binti yake. Neno karibu hakulisema.

Zamoyoni alichemsha chai, akamenya ndizi, wakakaa. Mama alikuwa amekonda. Alikuwa nyumbani kwake, kwenye ngazi zake na ndoo yake, kama alivyotaka, na hakuwa ameongea na mtu tangu Jumapili iliyopita.

Ndipo kilipokuja kikohozi. Kifupi, barazani.

"Hodi, Siku."

Uso wa Bi Sikudhani uliwaka wote. Midomo ilifunguka, neno likafika kwenye ulimi. Kisha uso ukajifunga, na mkono wake ukamkamata Zamoyoni kwenye kifundo.

"Nyamaza," alinong'ona.

Hii ndiyo hodi waliyokuwa wakiingoja muda wote huo. Zamoyoni alijua hivyo. Alijua pia kwamba aliisikia hodi hiihii, na kikohozi hikihiki, ndani ya jumba la kioo, na hakuna tofauti ambayo sikio lake lingeweza kuiapia. Alijiambia asubiri tu kidogo asikie hatua ni za mtu au ni za mpira. Alijiambia akiitikia, sauti yake itachukuliwa. Alijiambia mambo mengi ya busara, naye ana macho mazima mawili, amekaa palepale kwenye mkeka.

"Siku. Hodi."

Vidole vya mama vilimbana zaidi.

"Hodi jamani," ilisema sauti kwa mara ya tatu, chini zaidi, kama ya mtu anayejibiwa na alichokiogopa.

Zamoyoni alipopata nguvu ya kuinuka na kufunua pazia, baraza lilikuwa tupu. Mlangoni palikuwa na sahani ya vitumbua imefunikwa kawa, na alipoigusa ilikuwa bado ya moto.

"Ni nini?" aliuliza mama yake kutoka ndani.

"Vitumbua."

Bi Sikudhani alitafuta ndara kwa miguu, akazivaa, akajifunga kanga ya pili, akatoka. Hakuomba kushikwa mkono. Alishuka ngazi, akafuata ukuta kwa kiganja, akapita pale palipobomoka, akapinda, akasimama mbele ya mlango wa bati wa Bi Chausiku bila kukosea hata kidogo. Zamoyoni alimfuata na sahani. Ndani walisikia kijiko kikikoroga kitu kwenye sufuria.

"Hodi, Chausiku," alisema Bi Sikudhani.

Kijiko kilisimama.

"Hodi. Ni mimi, Siku. Nimekuja kukuomba radhi."

Hakuna aliyeitikia. Zamoyoni aliusogelea mlango akasema, "Mama mdogo, ni kweli ni sisi, mimi ni Zamo," na alipokuwa akisema alijisikia mwenyewe, akasikia jinsi maneno yale yale mtambo ungeyasema vizuri zaidi.

"Yumo?" aliuliza mama yake, akimgeukia na yale macho.

"Yumo."

"Kaogopa, au bado ana hasira na mimi?"

Zamoyoni aliutazama mlango wa bati. Zamani kimya kilikuwa na maana moja tu, kwamba hakuna mtu.

"Sijui, mama."

Bi Sikudhani alikusanya pumzi, akaita mara ya tatu, na ya tatu ilikuwa ndogo sana. Walisubiri. Mwisho alipapasa ukuta, akageuka kuelekea alikotoka.

"Tatu zimetimia," alisema. "Twende, mwanangu."

Walikuwa wamefika kwenye pembe ya ukuta waliposikia, nyuma yao, kijiko kikianza tena kukoroga.